Nilimwambia Masika Asimwachie Sungura

Mtoto wangu wa kwanza ana jicho moja. Watu wote wanajua ni sungura aliyelitoa, na mimi nimewaacha waseme hivyo tangu akiwa mdogo mpaka leo ana wajukuu. Si sungura. Ni mimi. Ee Mungu, nimesema!

Jina langu sitaandika. Ya wengine nitaandika, maana hayajanitoka kichwani hata moja, na wenyewe karibu wote wameshalala udongoni. Mkiona humu ndani naitwa Mama Masika, msijisumbue kunitafuta. Kwetu Bwera kila mtoto wa kwanza wa kike ni Masika, na akina Mama Masika tuko wengi kama nyasi. Shule niliondoka mapema, na Kiswahili hiki nilikiokota kambini. Mnivumilie.

Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo inaanza. Nilikuwa nimeolewa na polisi, Opolot, mtu wa Soroti, tunakaa kambi ya polisi Kasese. Laini yetu, ile safu ya nyumba za polisi, ilikuwa na watu wa kila kabila, na wanawake karibu wote tulifuga sungura wa nyama kwenye vibanda vya mbao na waya, nyuma ya nyumba.

Lakini huyu ninayemsema hakuwa wa nyama. Masika alikuwa ametoka kuugua surua. Akawa hacheki, hasemi, amekaa mlangoni tu kama mzigo uliosahauliwa. Rafiki yangu Kanyere, Mkongo wa upande wa Beni aliyeuza vitenge sokoni, akamletea katoto ka sungura ndani ya kikapu.

"Kamata, mama yangu mudogo," akamwambia. "Huyu haiko wa chungu. Iko wa kwako."

Masika alicheka siku ileile! Mimi niliingia ndani nikalia kwa furaha.

Akamwita Afande, kwa sababu alitembea kifua mbele. Laini nzima ikafa kwa kicheko. Mume wangu alikuwa konstebo tu, kutwa anapiga saluti, na akirudi nyumbani anamkuta Afande mwingine amelala kwenye kiti chake. Abwooli, jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa kabila la Watoro mwenye mdomo, alikuwa anamwita kupitia ukutani, "Baba Masika! Afande wako umeshampigia saluti ya jioni?" Mwanzoni hata mume wangu alicheka.

Halafu Afande akakomaa.

Wee! Alibadilika. Alirusha mkojo kwa kulenga, kama mtu mwenye bunduki. Alizunguka miguu ya wageni akinguruma, akapanda kila kitu, mpaka viatu. Siku moja alipenya kwenye kibanda cha Abwooli, akakutana na dume lake jeupe. Walipigana mpaka manyoya yakatapakaa uani kama pamba. Tulipowatenganisha, sikio la yule mweupe lilikuwa linaning'inia, na huko chini alikuwa amepasuliwa vibaya.

Abwooli akanijia na mwiko. Nami nikatoka na mchi. Tulishikana nywele mbele ya watu, gomesi langu likachanika bega zima, na wanaume wakatushangilia kama tuko mpirani. Aibu gani ile!

Ndipo maneno ya kumhasi Afande yakaanza. Abwooli alisema nisihangaike, apikwe. Mume wangu alisema akatwe. Masika alisema asiguswe, akamkumbatia mpaka mnyama akawa anahema. Na mimi? Mimi nilijiona ndiye mwenye kujua kuliko wote.

Niwaambie kwa nini. Baba yangu alikuwa fundi wa kuhasi mbuzi pale Bwera. Hakupata mtoto wa kiume, basi mimi ndiye niliyemshikia miguu ya mbuzi, na nilipokua akanipa wembe mwenyewe. Kazi ya wanaume ile, lakini niliiweza! Unakata chini ya mfuko, unavuta, unapaka majivu, mbuzi anaamka kwenda kutafuta majani. Kambini nilihasi mbuzi wa watu wengi, wanawake wakanipa jina la Dokita. Jina lile lilinivimbisha kichwa.

Daktari mwenyewe alikuwepo. Wa mifugo, alikuja sokoni kila Jumatatu. Kanyere alikuwa ameshamuuliza, akaja kunieleza.

"Mama Masika, ngoja munganga. Anasema sungura haiko mbuzi. Ikiogopa, vile vitu inapandaka mu tumbo, hautaipata. Na ngozi yake iko mwepesi sana. Yeye iko na dawa ya kuilalisha."

"Wewe Kanyere, uza vitenge. Mbuzi gani amenifia mkononi?"

"Hakuna."

"Basi!"

"Lakini mi nakuambia, haiko mbuzi!"

Nilimcheka. Ila kwa ajili ya Masika nilikubali kungoja. Mtoto alinishika kidevu akanigeuza nimtazame. "Mama, sema haki ya Mungu hakuna mtu atamgusa mpaka Jumatatu." Nikasema haki ya Mungu. Nilisema kwa mdomo huu huu.

Jumamosi ikawa siku ya ukaguzi. Mume wangu alikuwa ametandika sare kwenye kiti, imepigwa pasi na wanga. Afande akapita pale, akafanya yake. Opolot hakuona, akavaa akaenda. Mkubwa wake alipofika mbele yake pale paredini akanusa. Akanusa tena. Akamwamuru atambae kwa magoti kuzunguka uwanja wote, kwenye changarawe, na wake za watu wakiwa uani wanatazama.

Alirudi suruali imetoboka na magoti yanatoka damu. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Mama Masika. Mimi narudi kazini. Nikitoka, hii mnyama iko imekatwa ama iko ndani ya sufuria. Neno Jumatatu sitaki kusikia."

Mchana Kanyere akapita. Habari alikuwa ameshazipata sokoni. Akaweka kikapu chini. "Nipatie mie. Nitamuficha kwangu mpaka munganga akuye. Bwana yako tutamwambia imekufa."

Mnaona? Mlango ulikuwa wazi kabisa! Ilikuwa ni kumtia kikapuni tu, na leo mtoto wangu angekuwa na macho mawili.

Lakini Abwooli alikuwa anaanika nguo, akasikia. Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Yii! Kumbe Dokita anaogopa sungura?"

Ni hilo tu. Neno la mtu anayeanika nguo. Nikamwambia Kanyere, "Beba kikapu chako uende. Kwangu hapa hafichwi mnyama." Akaenda, akigeuka geuka nyuma.

Afande alikuwa ameingia chini ya kuni. Nilimwita, nikamchokoa kwa fimbo, akakataa katakata. Alimsikia mtu mmoja tu duniani. Basi nikamwita huyo mmoja.

"Masika! Njoo umtoe Afande."

"Unataka kumfanya nini, mama?"

"Kumtazama meno tu."

Akagonga ulimi mara mbili tatu, na Afande akatoka mwenyewe, mpole, akapanda mapajani kwake. Nilikuwa nimeficha wembe kwenye mkanda wa gomesi. Majivu nilikuwa nimeweka tayari kwenye kibuyu.

"Mgeuze. Tumbo juu."

"Mama, meno si iko huku?"

"Nyamaza. Shika miguu ya mbele, umkazie kifuani. Usiachie."

Alishika. Alikuwa mtoto msikivu.

Nikapapasa. Vile vitu vilikuwa vimepanda tumboni, vilevile alivyosema Kanyere. Hapo ndipo ningeacha! Lakini Abwooli alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni. Nikabonyeza tumbo kwa nguvu, kitu kikashuka, nikakata. Ngozi ikachanika yote kama karatasi iliyolowa.

Wengi mnadhani sungura hana sauti. Anayo! Alipiga yowe kama mtoto mchanga anayechomwa moto. Akajikunja, miguu ya nyuma ikaanza kurusha mateke kuelekea juu, kwenye uso wa Masika. Makucha yale ni ndoano. Nikaona mstari mwekundu shavuni, mwingine kwenye paji la uso. Mtoto akalia, "Mama, ananiumiza! Nimwachie?"

Nikamwambia, "Usiachie!"

"Mama!"

"Nimesema usiachie!"

Hakuachia. Mnasikia? Mikono ilikuwa ni yake, angeweza kuifungua tu mnyama akaruka akaenda zake. Hakuifungua kwa sababu mama yake amesema. Teke lililofuata liliingia jichoni.

Mimi nilikuwa bado nimeinamia wembe wangu. Nilijua tu nilipoona damu inadondoka kutoka juu, wakati ile niliyoitoa mimi ilikuwa chini.

Mume wangu aliingia uani tukiwa katika hali hiyo. Alimtazama mtoto, akamwona Afande anajikokota ukutani anaburuta vitu vyake. Akamkamata miguu ya nyuma, akampiga kwenye nguzo ya mlango. Mara ya kwanza ilitosha kabisa, lakini hakuacha, aliendelea mpaka nguzo ikabadilika rangi, na Masika amejiinamia, uso kwenye viganja, haoni kitu. Kisha akafungua mshipi wake wa kazi, wenye chuma, akanigeukia mimi. Sikukimbia. Nilipigwa mgongoni, kichwani, mikononi, nikasema moyoni, ongeza. Abwooli ndiye aliyejitupa katikati! Abwooli huyo huyo, akapokea chuma cha mkono.

Kanyere alisikia mayowe akarudi. Alimfunga mtoto uso kwa kitenge kipya cha kuuza, akambeba mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha lori la samaki lililotoka Kasenyi, wakaenda hospitali. Jicho halikuokolewa. Walilitoa.

Na jioni ile mume wangu alisema, "Pika."

Nilipika. Nitawadanganya ili iweje? Nilimchuna, nikampika na vitunguu, na mchuzi ukaenda mpaka kwa akina Abwooli. Na mimi nilikula. Niliogopa kutokula.

Masika aliporudi, kichwa kimefungwa bandeji, neno la kwanza: "Afande yuko wapi?"

"Amepona. Alikimbilia milimani."

Basi kila asubuhi kabla ya shule alikuwa anasimama nyuma ya nyumba, ameelekea milima, anagonga ulimi. Anangoja kidogo. Anagonga tena. Nilikuwa nasikia nikiwa jikoni, nikitamani masikio yangu nayo yatolewe.

Mpaka mtoto wa Abwooli, Kato, akamwambia, "Unaita nini? Si tulikula? Mchuzi ulikuwa mtamu."

Masika alikuja akasimama mbele yangu. Hakulia. Nilikuwa nimeshika beseni la maji, nikasema, ili niseme kitu, "Haya, nishikie hili." Akaweka mikono nyuma ya mgongo. Nikaliachia nikidhani atapokea, likaanguka kati yetu.

Tangu siku ile, nikimwambia shika, mikono inaenda nyuma. Iwe sahani au ubao wa shule. Hata nilipomwambia shika mkono wangu tuvuke barabara. Mwisho nilimpeleka Bwera kwa mama yangu, na kule, nasikia, alishika jembe na kila kitu. Akakua, akaolewa kulekule. Watoto wake nimewaona wote, lakini hajawahi kuniwekea hata mmoja mikononi. Hakuna ugomvi. Ananipikia, ananisalimia kwa heshima zote. Ila mtoto, anampa mtu mwingine amshike.

Kanyere naye nilimpoteza. Alipita mara moja tu kuaga, anarudi kwao. "Mi nilimuletea mutoto kitu ya kumuchekesha," alisema. "Weye ukamupatia wembe." Sikumwona tena. Opolot alihamishwa, akatangulia, na hakutuma mtu kutuchukua.

Mwaka jana Biira, mjukuu wa Masika, alikuwa na sungura dume aliyeanza ukali uleule. Nikasikia wanataka kumhasi. Masika akanijia mwenyewe. "Mama, vaa. Twende Kinyamaseke kwa daktari. Nataka uone."

Nikaona. Daktari kijana alimchoma sindano, mnyama akalala kama aliyekufa, akakatwa, akashonwa, bila yowe. Aliyemshika alikuwa Masika. Daktari akatuambia akae kibanda chake peke yake, asiwekwe na majike haraka, maana nguvu za udume na ukali huchukua wiki kadhaa kuisha. Tukakaa kwenye benchi. Sungura akaamka, akatikisa masikio, baadaye akaanza kutafuna jani.

Masika alimtazama sana. Kisha akasema polepole, "Kumbe ilikuwa ni kungoja Jumatatu tu, mama."

Bora angenipiga!

Tulipotoka nje alimtia sungura kikapuni, akasimama, akaninyooshea kikapu.

"Shika," akasema. "Ukichoka, achia. Mimi niko hapa."

Nilikibeba mpaka nyumbani. Sikuweza kuona njia vizuri.

Nyinyi mnaofuga, sikatazi kuhasi. Dume anayepigana huhasiwa, na hutulia. Lakini sungura si mbuzi! Mpelekeni kwa mwenye dawa, na kama hajafika, mfungieni mnyama peke yake mngoje, hata jirani acheke mpaka meno yamdondoke. Na mtoto wako akikulilia, "Mama, nimwachie?", usitazame nani amesimama mlangoni. Mwambie aachie. Mwambie mara ya kwanza tu anapouliza.