Jinsi Mjomba Alivyonichagulia Kifaa cha Kusomea Kijapani

Macho ndiyo yaliyonitoa kijijini kwetu Ziwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, nilikuwa najifunza Kijapani kwa simu. Kuna chuo cha ufugaji huko Japani kinachopokea wanafunzi kutoka nje, mradi wafaulu mtihani wa lugha. Nilikuwa nimeufanya mara mbili nikaanguka mara mbili, na mara zote ni sehemu ya kusoma iliyonimaliza. Mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwangu, kwa maana baada yake umri ungekuwa umenipita. Sasa macho nayo yakaanza kutoa machozi kila nikishika simu. Herufi za Kijapani zina vijistari vingi vilivyobanana, na kwenye kioo changu chenye nyufa zote zilifanana na siafu waliokanyagwa. Daktari wa macho akaniambia nichague kuacha simu au kuacha kuona.

Watu wa kundi letu la mtandaoni wakanishauri ninunue kifaa cha kusomea vitabu, kile chenye kioo kisichowaka, kinachosomeka kama karatasi. Wakanielekeza kwa mama mmoja wa Eldoret anayeuza vilivyotumika ng'ambo. Nikauza mtamba wangu wa pekee, nikadhani kilichobaki ni nauli tu. Kumbe sikuwa nimefikiria vizuri. Kwetu pesa ya ng'ombe haitoki nyumbani bila mzee, na kitu kinachonunuliwa kwa pesa hiyo huhesabiwa kuwa kimechukua nafasi ya ng'ombe. Mjomba Korir, ndugu yake mama, ndiye hukagua kila mnyama anayeingia katika ukoo wetu. Akatangaza kwamba tunaenda pamoja ili amwangalie meno. Nilimweleza kwamba kifaa hakina meno.

"Hiyo tutajua tukifika," akasema.

Asubuhi ya kuondoka, kura za uchaguzi mkuu zilikuwa zimepigwa na matokeo hayajatangazwa. Mama yangu hakutaka tuende popote. Lakini mwenye duka, Mama Njeri, alikuwa amenipigia simu: "Mwalimu, kama unataka hiyo kitu, kuja leo. Kesho nafunga naenda Nakuru." Tukapanda pikapu ya maziwa ya Mjomba, mitungi mitupu ikigongana nyuma. Mjomba alivaa koti lake la harusi, akabeba fimbo, na kando ya kiti akaweka kamba mpya ya katani.

"Kamba ni ya nini, Mjomba?"

"Ya kumleta nyumbani."

Tukaingia barabara kuu. Barabara ilikuwa tupu kwa namna ambayo haikunipendeza. Maduka ya njiani yalikuwa yamefungwa, na watu walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio. Kabla ya kuingia mjini kuna ploti yenye msingi wa nyumba na majani marefu. Nyumba yenyewe ilichomwa mwaka ule wa vita vya baada ya uchaguzi, na wenyewe hawakurudi. Mtu akipita hapo huangalia upande wa pili. Mjomba aliangalia upande wa pili, na mimi pia.

Eldoret, ghorofani, tulimkuta Mama Njeri katikati ya maboksi, akiwa na selotepu mkononi. Nusu ya duka ilikuwa imeshafungwa.

"Karibuni. Kaeni juu ya box, lakini si hiyo, hiyo iko na vioo. Msinione hivi, sijakosana na mtu. Kura ikikuja mimi hupanga box, ikiisha napangua."

Akatoa vifaa vitatu akaviweka mezani. Mjomba akavua kofia, akavizunguka polepole, akavigonga mgongoni kwa kidole, akakitazama kila kimoja kwa upande. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Cha kwanza kilikuwa chepesi na kizuri, lakini nilipofungua maandishi ya Kijapani vikatokea visanduku vitupu, mstari baada ya mstari.

"Huyu ni kipofu," Mjomba akasema. Kwa kweli alikuwa amesema sawa, maana kifaa hicho hakikuwa na herufi hizo ndani yake.

Cha pili kilizionyesha, ila kwa kulala tu. Vitabu vya hadithi vya Kijapani huandikwa vikiwa vimesimama, kutoka juu kwenda chini, na mistari huanzia kulia. Mtihani ulikuwa umeniangusha hapo hapo. Mjomba alinisikiliza nikimweleza Mama Njeri, akatikisa kichwa. "Anatembea vibaya. Weka kando."

Cha tatu kilikuwa kikubwa kidogo, cheusi. Mistari ilisimama wima. Kando ya herufi ngumu palikuwa na herufi ndogo za kukuonyesha zinavyotamkwa, na ukiligusa neno, maana yake inajitokeza papo hapo. Nilifurahi hadi nikasimama. Mjomba akanifinya mkono. Mnunuzi hafurahi mbele ya muuzaji, hilo hata watoto wetu wanalijua. Halafu nikafungua ukurasa wa pili, na kioo, kama ilivyo kawaida ya kioo cha aina hiyo, kikawa cheusi, kikawa cheupe, kikatulia.

Mjomba akarudi nyuma hatua nzima. "Ana kifafa!"

"Mzee, zote hufanya hivyo," Mama Njeri akasema.

"Hata yule wa jirani yangu waliniambia zote hufanya hivyo. Alianguka akiwa mtoni. Anakula nini?"

"Stima. Ukimpa leo anaweza kukaa hata mwezi."

"Mwezi mzima bila kula? Huyo ni mgonjwa ama anaiba kwa majirani. Mama yake ametoka wapi?"

Mama Njeri alinitazama, akamtazama Mjomba, akaweka selotepu chini. "Japani, Mzee."

"Japani upande gani?"

"Upande wa baridi."

"Hapo sawa," Mjomba akasema. "Wa baridi huvumilia."

Nikalipa, nikaenda dirishani kujaribu hadithi moja ya watoto iliyokuwamo. Nyuma yangu likatokea jambo ambalo nililijua baadaye. Mama Njeri alitia waya wa chaji ndani ya mfuko, akasema ni wa kifaa hicho peke yake, wa simu hauingii. Mjomba akautoa, akamrudishia kwa mikono miwili. Kwetu anayeuza ng'ombe hatoi kamba yake. Hubaki nayo ili boma lake lisikauke, na mnunuzi huja na kamba yake mwenyewe. Kuchukua kamba ya mtu ni kama kumwombea umaskini, na Mjomba si mtu wa kumfanyia hivyo mama ambaye tayari anafunga maboksi.

"Mzee, si mtaihitaji?"

"Tumekuja na yetu," Mjomba akajibu, na hakuwa anadanganya.

Njiani kurudi, tukakuta mawe barabarani na vijana wamekaa juu yake. Mmoja mwenye kofia ya sufu akaja dirishani. "Zima gari, Mzee. Hapa tunalinda kura."

Wakapekua mitungi, wakapekua chini ya viti, kisha wakakiona kifaa mapajani mwangu. Mwenye kofia akakishika, akaona zile herufi, macho yakamtoka. "Wasee, kujeni! Nimepata server!"

Siku hizo kila mtu alikuwa akisema matokeo yamefichwa kwenye mtambo fulani wa ng'ambo, ndiyo hiyo server. Hakuna aliyewahi kuuona, kwa hiyo ungeweza kufanana na chochote.

"Si server," Mjomba akasema kwa heshima zake zote. "Ni ng'ombe."

"Unasema?"

"Ni ng'ombe ya huyu msichana. Muulize."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. "Fungua server! Fungua server!" wakapiga kelele, na mmoja akaokota jiwe. Nikateremka, nikafungua. Nacheka sasa ninapoandika, lakini pale nilichokuwa nikikiona machoni ni mtamba wangu na mwaka wangu wa mwisho chini ya lile jiwe.

"Soma," mwenye kofia akaniamuru. "Tuone ni nani anaongoza."

Nikawasomea Kijapani, kisha Kiswahili. Mbweha alikwenda sokoni kununua viatu vya mvua. Akamkuta nguchiro amekwisha kuvaa kimoja. Mbweha akasema vua, mimi ndiye niliyeagiza. Nguchiro akasema viatu hivi ni vyangu, kwa sababu... Ukurasa ukaishia hapo.

"Kwa sababu gani?" wakauliza.

Nikanyoosha kidole nifungue ukurasa, mwingine akaruka. "Usiguse! Niliona ikiwaka ukifungua. Ikiwaka inatuma matokeo!"

Wengine wakasema hawawezi kulala bila kujua habari ya viatu. Ubishi ukapanda. Mwisho mwenye kofia akaamua wapige kura kwa kuinua mikono, wanaotaka ukurasa ufunguliwe na wasiotaka. Wakahesabu. Wasiotaka wakasema kuna mtu ameinua mikono miwili. Wakahesabu tena, wakapata idadi kubwa kuliko watu waliokuwepo. Upande mmoja ukakataa matokeo, ukavuka barabara ukasimama ng'ambo ya pili, na yule wa jiwe alikuwa upande huo.

Mjomba akashuka kwenye gari. "Hata mimi nataka kujua," akasema, akakigusa kioo kwa kidole chake kikubwa. Kikawa cheusi, kikawa cheupe. Vijana wote wakainama. Hakuna kilicholipuka.

Nikasoma: "Kwa sababu nimeshaingiza mguu."

Kicheko kikatoka pande zote mbili za barabara. "Kumbe hata Japani!" mwenye kofia akasema akijifuta machozi. Walikubaliana kwa sauti moja kwamba nguchiro ni mwizi, wakatuondolea mawe.

Ziwa, nyumbani, nilimwaga mfuko wote kitandani nikitafuta waya. Mjomba aliponieleza alikoupeleka, nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mjomba wake. Kifaa kilikuwa cha mtumba, nacho kilikaa wiki mbili tu kisha kikazima. Mtihani ulikuwa unakuja.

"Si nilisema ni mgonjwa," Mjomba akasema.

Matokeo ya kura yalikuwa yameshatangazwa, na kwetu hapakuchomwa nyumba. Nikampigia Mama Njeri simu nikimwomba anitumie waya kwa magari ya vifurushi.

"Iko kwa box, Mwalimu, na box sifungui huku. Ile mara ya kwanza, duka yangu ya Huruma, huko Eldoret, ikichomwa, nilifungua box hapa kwa dada yangu. Nikakaa miaka. Nikifungua box Nakuru, nimehamia Nakuru."

Mjomba akaichukua simu. "Mama, rudi. Huku kumetulia."

"Mzee, hata mwaka ule redio ilisema kumetulia."

Mjomba wangu ana neno hata kwa fahali, lakini kwa huyu hakubishana. Aliitazama pikapu yake uani. Kisha akasema, "Siwezi kukuahidi kitu. Lakini gari niko nayo. Nitakuja kukuchukua na box zako zote, na nitakaa hapo dukani mpaka uchoke na mimi."

Nililia, na safari hii kosa halikuwa la simu.

Nakuru tulikwenda Jumamosi iliyofuata. Mama Njeri hakutukubalia mara moja. Alitupikia chai, akamhoji Mjomba kuhusu ukoo wake, mashamba yake na watoto wake wa kiume walikuwa wapi usiku wa kutangazwa kwa matokeo, na Mjomba akajibu kila swali bila kukasirika. Ndipo tukapakia. Tulipofika ghorofani Eldoret alifungua boksi la kwanza kwa kisu, akakaa kando yake kidogo, kisha akanipa waya. Safari hii Mjomba hakuingilia.

Kweli alikaa dukani, wiki nzima, na fimbo yake mlangoni. Wateja wakikiona kioo kikipepesa aliwatuliza: "Hiyo si kifafa. Ni wa baridi, ndivyo walivyo." Mama Njeri anasema Mjomba aliuza vizuri kuliko yeye mwenyewe.

Nilichojifunza ni hiki. Ukienda kununua kifaa cha kusomea Kijapani, usikisifu rangi. Fungua hadithi uone kama herufi zinatokea na mistari inasimama, gusa neno gumu uone kama linajieleza, na ukitoe nje juani. Uulize waya wake, uushike mwenyewe. Kisha umwangalie anayekuuzia kama anapanga bidhaa kwenye rafu au anazipanga kwenye boksi. Kifaa changu kilikuwa na kila kitu, na bado kilizima kwa sababu mwenye duka hakuweza kulala mjini kwake.

Mtihani nilifaulu. Nilipanda ghorofani kumwambia Mama Njeri, akapiga kigelegele hadi fundi wa viatu wa chini akaja kutazama. Akaniuliza naondoka lini, na masomo ni ya muda gani. Nikamwambia naondoka Aprili, na masomo ni miaka minne.

"Sasa utarudi kabla ya kura ama baada?"

Ikabidi nihesabu kwa vidole. Miaka yote niliyoishi hapa kwetu Uasin Gishu sikuwahi kuhesabu hivyo.

"Kabla," nikamwambia. "Miezi michache kabla."

"Sawa," akasema, "basi upitie mapema."