Saruji ya Mjomba

Juzi nimeshuka treni ya kutoka Kaliua, kijana mmoja mwenye kamera akaniuliza, "Shikamoo mzee, nyumba za kale ziko wapi?" Nikamwonyesha njia ya Mtendeni kwa kidole. Kumpeleka sikuweza.

Maana, ndugu yangu, nililelewa humo. Tembe la udongo, dari ya magogo, mlango wa nakshi uliopitisha pembe, vitambaa, na watu wenye minyororo shingoni. Bandari isiyo na bahari, ndivyo bibi alivyouita mji wetu. Misafara yote ilitua hapa. Aliwasimulia wageni hayo akiwamiminia kahawa chungu, asali ya Ipole kisahanini. Kazi yetu watoto ilikuwa kugonga nguzo kwa mchi kila Ijumaa. Ikilia kavu, nzima. Ikilia kama mtungi mtupu, mchwa wameingia, fundi anaitwa.

Wageni wakazidi, mjomba, mwana wa bibi, akaanza kuonea haya kuta za udongo. "Watatucheka hawa!" Akaleta saruji, akapiga lipu nje na ndani, nguzo zote zikazama humo. Ikapendeza, loo! Bibi akaupapasa ukuta, akasema, "Umeizika nyumba ingali hai." Mjomba akacheka. Tangu siku hiyo, ugonge popote, sauti ilikuwa ile ile. Asubuhi tulikuta vumbi laini la darini juu ya chandarua, bibi akilikung'uta. Niliogopa, wallahi.

Mvua zikaingia. Mchana mmoja, wageni wakiwa ukumbini, boriti ikapasuka. Kwetu mwenyeji hatangulii kutoka. Mgeni kwanza, yeye mwisho. Bibi akasimama kando ya mlango, kanga begani, kama anayewaaga: "Piteni wanangu, piteni." Wakapita wote. Kisha dari ikashuka.

Tulifukua kwa mikono, sisi na majirani. Udongo ulitii. Lakini lipu ilikuwa imeanguka mapande mapande, mazito, hayanyanyuki, na chini yake tulimsikia bibi akiita. Mjomba aliyavunja kwa nyundo huku akilia. Alasiri sauti ikakoma. Mjomba hakuacha kuvunja.

Siku hizi pale pana vibanda vya simu, na wauzaji hawajui lolote. Mjomba amezeeka, anakaa upande wa pili wa mji. Nilipomwambia juzi kwamba nimemwonyesha kijana njia ya Mtendeni, alinishika mkono akauliza, "Mama ameshatoka?"