Golini Hatuna Ndugu

Baba yangu mdogo ni fundi makochi, na misumari midogo huwa anaiweka mdomoni. Anaipanga kati ya midomo, vichwa vikiwa nje, kisha anausukuma mmoja mmoja kwa ulimi, anaushika na kuupigilia kwenye mbao bila hata kuutazama. Namwita baba mdogo kwa sababu ni mdogo wake baba, maana kwa umbo hana udogo wowote. Akishakalia kochi alilolitengeneza, mteja haulizi tena kama litahimili. Mimi nikiwa na swali huwa silali nalo, na swali langu la siku nyingi lilikuwa hili: itakuwaje siku atakaposhtuka huku misumari imo mdomoni?

Alhamisi nikapata jibu. Nilikuwa nimetoka shule, nimekaa karakana juu ya rundo la sponji nikichambua pini zilizopinda. Simu yake ikaita, akaibana kati ya sikio na bega. Alikuwa kaka, mwanawe, kipa wa akiba wa timu yetu ya Bluu. Sauti ya kaka ni kubwa, nilimsikia kutoka nilipokaa.

"Baba, kipa wetu mkubwa kavunjika kidole mazoezini. Jumamosi nadaka mimi."

Baba mdogo akatoa mlio kama wa mlango usiotiwa mafuta. Niliruka nikampiga kofi la mgongo, misumari ikamwagika sakafuni yote. Alipopata pumzi alisema kwenye simu, "Sawa, mwanangu. Hongera," kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mtu angedhani ni furaha. Na furaha ilikuwepo, nitasema kweli. Kaka alijifunzia kudaka hapo hapo karakana. Alipokuwa mdogo, baba mdogo alikuwa akitandaza sponji chini na kumrushia mpira wa matambara, kushoto, kulia, naye anaruka na kuangukia ulaini. Wateja walikuwa wakisubiri mlangoni mpaka mchezo uishe. Siku zote alisema, "Ipo siku uwanja mzima utamwona huyu." Sasa siku imefika, na mtu wangu amekaa chini kati ya misumari, amejishika kichwa.

Kwa asiyejua, ni lazima nieleze habari ya ngoma.

Nyuma ya goli, uwanjani kwetu, ndipo wanapokaa mashabiki wa Bluu, na anayepiga ngoma ni baba mdogo. Ngoma aliiunda mwenyewe: pipa la mbao lililokatwa, ngozi ya ng'ombe, na ule mkanda wa raba unaofungwa chini ya makochi ndio wa kuivalia begani. Timu ikiingia uwanjani kuna mdundo wake, wa haraka, wa kuamsha watu. Lakini kipa akifungwa kizembe kuna mdundo mwingine, wa taratibu sana, na jukwaa zima huimba:

*Lala, kipa, lala. Wavu ndio shuka lako.*

Wenyewe wanauita kuzika. Anazikwa kipa wa wageni, anazikwa na wetu pia. Hiyo ni sheria, na aliyeitunga ni baba mdogo. Ameiandika kwa rangi nyeupe ubavuni mwa ngoma: GOLINI HATUNA NDUGU. Wimbo hauanzi mpaka yeye apige pigo la kwanza, na hajawahi kumwonea mtu huruma. Yupo kipa wetu mmoja, zamani kidogo, alizikwa mechi moja, na mechi iliyofuata hakuja tena. Aliacha mpira kabisa.

Na Jumamosi ndiyo mechi ya mwisho ya ligi, tena na Wekundu. Sare tu inatubakisha, tukifungwa tunashuka daraja. Mji mzima ulikuwa unaogopa kushuka. Baba mdogo aliogopa kwamba mwanawe atazikwa hadharani, na kwamba mkono wa kumzika ni wake.

Habari zilisambaa kabla ya jua kuzama. Kinyozi wa mlango wa pili, Mwekundu wa kufa na kupona, alitokeza kichwa akiwa bado ameshika mashine.

"Jirani! Nasikia mnaweka mtoto golini!"

"Si mtoto. Ana ndevu."

"Ndevu nimemnyoa mimi juzi, nazijua. Zilikuwa tatu, na moja ilikuwa uzi wa shati." Wateja wake wakacheka. "Mwambie aje na shuka lake kutoka nyumbani, asije akapigwa na baridi!"

Siku nyingine baba mdogo angemjibu mpaka mtu aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi aende zake amenyolewa nusu ya kichwa. Siku hiyo aliinama tu, akawasha mashine ya kushona.

Ijumaa alikuja mwalimu mstaafu kuchukua kochi lake. Alilizunguka, akaliangalia, akavua miwani, akaivaa tena.

"Fundi, haya maua yangu mbona yanaota kuelekea chini?"

Kweli. Kitambaa chote cha mgongo kilikuwa juu chini, mashina juu, petali chini. Baba mdogo alitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha ya nchi ya mbali.

"Mwalimu, niachie mpaka Jumatatu."

"Ni ile mechi?"

"Ni ile mechi."

"Pole," mwalimu akasema, na hakucheka, jambo lililonitia hofu kuliko kama angecheka.

Jioni hiyo baba mdogo alikwenda kwenye kibanda cha chai wanakokutana mashabiki wa tawi letu. Mkewe, mama mdogo, aliniamuru nifuatane naye. "Huyu leo anaweza kuingia chini ya gari akidhani ni kivuli," alisema. Yeye mwenyewe alikuwa anafua mapazia, na mapazia yalikuwa safi. Nilipomuuliza kama anaogopa Bluu watashuka, alikamua pazia mpaka likalia.

"Mimi sina timu. Nina mtoto."

Kibandani, Katibu wa tawi, muuza vipuri mwenye mikono myeusi kwa grisi, alimpisha nafasi. Baba mdogo hakukaa.

"Ndugu zangu, nina ombi. Kesho tusizike."

Mtu mmoja akaacha kukoroga chai.

"Tusizike nani?" Katibu akauliza, ingawa alijua.

"Kipa yeyote. Hata wao."

"Mzee wa Ngoma, soma ngoma yako imeandikwa nini."

"Najua imeandikwa nini. Niliandika mimi."

"Basi. Shemeji yangu alidaka hapa, umesahau? Ukamzika, mke wangu akalia juma zima, mimi nikaimba na wewe. Nikaimba! Kwa sababu ulituambia jukwaa halina ndugu. Leo ni mwanao, sheria imezeeka?" Hakuwa anafoka. Alisema polepole kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia. "Akidaka vizuri hakuna atakayemgusa. Akifungwa kizembe, tutakutazama wewe."

Baba mdogo akageuka na kutoka, nami nikamfuata. Nikafikiri tunarudi nyumbani, kumbe amekata kona nyingine, tukaenda mpaka kwenye tanuri la mikate nyuma ya soko.

Ndani kulikuwa na joto la kukausha macho. Mtu mrefu alikuwa anachomoa mikate kwa ubao wenye mpini mrefu. Mkate mmoja uliteleza, naye akaudaka kwa mkono wa kushoto kabla haujafika chini, bila haraka. Hapo nikamtambua, kabla hata ya kuambiwa. Ni yule kipa aliyeacha mpira, shemeji yake Katibu.

"Shikamoo, mzee," alisema, na akaendelea na kazi. "Sikujua unapajua hapa."

"Marahaba. Mwanangu anadaka kesho."

"Nimesikia."

Baba mdogo alishika ukingo wa meza yenye unga. "Nataka kukuuliza. Siku ile. Ilikuwaje?"

Mwoka mikate aliegemeza ubao ukutani. Nilingoja akasirike. Nilitamani akasirike, tujue moja.

"Lile bao lilikuwa la kizembe, sikatai. Mpira ulipita katikati ya miguu yangu. Lakini bao nimelisahau, ngoma ndiyo sijaisahau. Watu walikuwa wanaimba, sijui hata walisema nini. Nilisikia ngoma tu. Macho yalikuwa yanangoja mpira unaofuata, lakini mwili wote ulikuwa unangoja pigo linalofuata. Nikafungwa la pili nimesimama wima, nasikiliza." Alijifuta jasho. "Hata leo mtu akigonga ukuta taratibu, miguu inakufa ganzi."

"Nilikuwa sijui," baba mdogo akasema.

"Ungejuaje? Ulikuwa nyuma yangu."

"Nifanye nini?"

Yule mtu akacheka, kicheko kifupi. "Unaniuliza mimi? Mzee, unaniuliza mimi!" Kisha akachukua tena ubao wake. "Kipa akifungwa, mpira hautazami. Anageuka kutazama nyuma ya goli. Hilo tu ndilo ninalolijua." Akanipa mkate. "Chukua, binti. Usinishukuru, umeungua."

Nilipompa baba mdogo kipande, alikishika njia nzima bila kukila.

Tulipofika karakana, aliishusha ngoma kutoka kwenye msumari wake, akailaza juu ya meza, akachukua kisu cha kukatia ngozi za makochi. Nilielewa. Ngoma ikichanika, hakuna pigo la kwanza. Bila pigo la kwanza, hakuna wimbo. Aliweka ncha ya kisu katikati, pale ngozi ilipopauka kwa kupigwa, na mimi nikaziba masikio kana kwamba ngoma ingepiga kelele.

Simu ikaita.

Kaka alikuwa kambini na timu. Alikuwa anacheka sana, kicheko cha mtu anayepita mahali penye giza. Alisema chakula ni kizuri, kitanda ni kifupi, kocha amemwambia acheze tu kama kawaida, na yeye hajui kawaida yake ni ipi. Kisha kicheko kikaisha ghafla.

"Baba, kesho upo?"

"Nipo."

"Na ngoma?"

Baba mdogo aliangalia kisu.

"Maana nikiwa pale chini sitaweza kukuona, watu ni wengi," kaka akasema. "Lakini nikiisikia nitajua ulipo."

"Ipo," baba mdogo akasema. Akakirudisha kisu mahali pake, polepole.

Jumamosi aliamka mapema, akagongagonga kitu karakana, na alipotoka na ngoma begani nikaona ameyafunika yale maandishi meupe kwa kipande cha kitambaa cha mwalimu, maua yakitazama chini, kikiwa kimepigiliwa misumari kuzunguka. Hakusema neno. Njia nzima hakusema neno. Watu walimsalimu, aliitikia kwa kichwa. Kinyozi alipita na skafu yake nyekundu akapaza sauti, "Jirani, maua ya mazishi hayo?" na yeye akaendelea kutembea, midomo ameibana.

Kaka alipotokea uwanjani alionekana mwembamba kuliko nyumbani, na glavu zilimkaa kama mito. Baba mdogo alipiga mdundo wa kuingia. Mdundo ulikuwa wenyewe. Nilimwona kaka ananyanyua shingo, anatafuta, kisha mabega yake yanashuka. Alikuja akasimama golini, mgongo wake karibu kabisa nasi. Niliweza kuona jasho limechora ramani kwenye jezi yake, na mpira ulikuwa haujaanza hata kuchezwa.

Mechi haikutupa muda wa kupumua. Wekundu walipata kona. Mpira ukaja juu, mwepesi, wa kudakwa na yeyote. Kaka akaruka, akaugusa, ukateleza kwenye glavu, ukamwangukia kwenye goti na kubingirika kuvuka mstari. Polepole. Sote tuliutazama ukienda.

Upande wa pili walilipuka. Kwetu palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia wavu ukitikisika. Halafu vichwa vikaanza kugeuka, kimoja, kingine, safu nzima, vyote vikitazama mikono ya baba mdogo.

"Mzee," Katibu akasema kutoka nyuma yetu. "Piga."

Kaka alikuwa amepiga magoti. Aliinuka, na mpira hakuutazama. Aligeuka akatazama kwetu, na uso wake ulikuwa ule ule wa zamani, wa mtoto aliyeanguka nje ya sponji.

Baba mdogo akanyanyua mkono. Ulikaa hewani, ukakaa, nikadhani hautashuka kamwe.

Akapiga. Mdundo wa kuingia. Ule wa haraka, wa kuamsha watu, kana kwamba timu ndiyo kwanza inatoka chumbani. Alipiga peke yake, jukwaa zima likimtazama kama mwendawazimu. Nyuma mtu alianzisha, "Lala, kipa..." lakini maneno hayakuingia kwenye mdundo ule, yakajikwaa, yakafa. Mtu mwingine akazomea, na sikujua anamzomea nani. Katibu alisimama, amekunja mikono yake ya grisi, macho yamemwiva. Hakupiga makofi. Wala hakuimba.

Kaka alisimama akisikiliza kwa muda mfupi. Kisha akaokota mpira wavuni, akaurusha katikati ya uwanja, akapiga glavu zake moja kwa nyingine, na kutugeuzia mgongo ili autazame mchezo.

Ndipo baba mdogo alipofungua midomo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kati ya meno kulikuwa na msumari, mmoja, uliosalia alipokuwa akipigilia yale maua. Aliutoa kwa vidole viwili, mkono wa pili ukiendelea kupiga, akaniwekea kiganjani.

"Nishikie huu," akasema. "Bado kuna mechi."

Ulikuwa wa moto, na ulikuwa na alama za meno.