Ngurumo ya Msituni

Juzi mvua ilipiga bati ghafla, rafiki yangu, nikajikuta nimesimama juu ya kitanda. Moyo ulikuwa umerudi Gulwe, Dodoma.

Kwetu maji tuliyachimba mchangani, kwenye korongo kavu. Bibi aliyachota kwa kibuyu, taratibu, yasichafuke. Lakini mvua ikinyesha milimani huko mbali, korongo lilishusha maji hata kama kwetu jua linawaka. Lilimchukua mjomba, aliyerudi kufuata ndoo. Ndiyo maana bibi hakuchoka kutuambia: "Ukisikia ngurumo, usigeuke. Panda."

Nilikuwa darasa la sita mwalimu alipotupeleka kwa lori kwenye hifadhi ya Udzungwa, miaka ile viatu vya mitumba vilipoanza kujaa mnadani. Jirani alinikabidhi binti yake wa darasa la tatu, nimshike mkono mpaka turudi.

Msitu ule ulinitisha tangu mwanzo. Jua halikuonekana, na majani yalidondosha maji bila mvua. Tulifuata njia kando ya kijito, tukipanda. Ndipo nikaisikia ngurumo.

Sikugeuka. Nilimvuta yule mtoto nje ya njia, tukaparamia ukingo kwa magoti. Kiatu chake kikabaki kwenye tope. Akataka kukirudia, nikamkaza mkono hadi akalia. Mara udongo ukaporomoka chini yetu. Nikadaka mzizi kwa mkono wa kulia, yeye akining'inia kwenye wa kushoto. Nilimsikia mwalimu akituita, lakini mimi hata darasani sauti yangu ilikuwa haitoki. Mtoto ndiye aliyejibu.

"Tuko huku, mwalimu. Kaka hataki kuniachia."

Mwalimu alitushusha, akanieleza kwamba ngurumo ile ni ya maporomoko ya maji, yanaangukia palepale, hayatufuati. Mwongozaji wa hifadhi akacheka. "Nyie watu wa Dodoma, mwaka mzima mnayachimba, leo mmeyakuta mnayakimbia?"

Wenzangu waliyatazama wakashangilia. Mimi niliyapa mgongo, mkono wa yule mtoto bado nimeushika.

Nyumbani bibi hakucheka. Aliuliza tu kama niligeuka. Nikasema hapana. Akanipa kibuyu ninywe kwanza, kabla ya wakubwa.

Sasa bibi hayupo, na korongo limekula uwanja wa nyumba yake. Watoto wanateka maji bombani. Lile neno lake hawalijui. Juzi mvua ilipopungua, niliutazama mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa umefumbwa, umekaza, kama bado una mtoto.