Niliagiza kit ya bia yenye koili ya shaba, na Munuki sina mfereji

Wakuu, salaam kutoka Juba. Haya yamenikuta mwenyewe. Sijapunguza aibu wala kuongeza utamu.

Mimi ni mwalimu, Mkenya, napanga Munuki. Mwenzangu wa staff room, Taban, alikuwa anamalizia nyumba yake Gudele. Siku moja wakati wa chai nikatangaza mbele ya walimu wote: "Siku ya kufungua nyumba, bia naleta mimi. Tena nitaipika mwenyewe."

Sikuwa nimewahi kupika hata lita moja.

Taban akaenda kumwambia baba mkwe wake. Hapo utani ukaisha, maana mzee alikuwa anakuja kuona kama binti yake anakaa na watu wa maana. Nilikuwa na wiki nane.

Nikaingia mtandaoni kutafuta kit, seti ya vifaa vya kuanzia. Mnaotaka kuanza mtajiona hapa: nilichagua kwa macho. Sufuria ya umeme ya lita thelathini, inang'aa. Koili ya shaba ya kupoza. Mtungi mkubwa wa kioo.

Nieleze kidogo kwa wageni. Unachemsha maji ya kimea pamoja na hops, yale maua yanayoipa bia uchungu, unayapoza haraka, unatia hamira, unayaacha yachachuke. Ni hayo tu, msiogope.

Mimi nilianguka kwenye "kupoza haraka".

Kwanza sufuria ilizima jenereta ya ploti mara mbili, majirani wakitazama mpira kwenye TV. Sitarudia waliyoniita. Nikahamia kwenye makaa. Ilipochemka vizuri nikatoa koili. Hii unaitumbukiza kwenye sufuria, unaunganisha mpira wa maji kwenye mfereji, yaani bomba, maji baridi yanapita ndani yake.

Jirani yangu Keji alikuwa amesimama mlangoni. Amekulia Uganda, na hapa anapika merisa, ile pombe ya mtama, kwa kuuza.

"Ticha, hii nyoka ya shaba inakunywa maji ya wapi?"

"Ya mfereji."

"Mfereji iko Nairobi. Wewe iko hapa."

Wakuu, kwetu maji yanaletwa na lori, tunajaza pipa. Nilijua hivyo kila siku ya maisha yangu ya Juba, isipokuwa siku ya kuagiza.

Basi nikaiacha ipoe yenyewe hadi kesho yake, nikatia hamira, nikaweka mtungi chumbani chini ya mabati. Baada ya wiki mbili ilinuka kama dawa ya kutoa rangi ya kucha. Keji akaonja, akatema.

"Kalas, imeisha, ticha. Mzee akikunywa hii, anarudi na binti yake."

Nilicheka, kisha nikaangalia kalenda. Wiki zilibaki tano na kidogo.

Akanipeleka nyuma ya jiko lake. Mitungi yake ilikuwa kivulini, juu ya mchanga uliolowa, imefungwa magunia mabichi.

"Pombe ikichachuka inatoa joto yake. Wewe unaifungia kwa chumba ya moto. Lazima ikasirike."

Kesho yake nikachagua upya, safari hii kwa kuangalia ninapoishi. Kwenye maduka ya mtaa wa Hai Jalaba nikapata ndoo mbili nene za kuwekea chakula, zenye vifuniko, moja nikaifunga koki. Kutoka kwenye kit ya kwanza nikabakiza themometa, kipimo cha sukari, sanitaiza, mashine ya kufunga vizibo, na airlock, kile kidude kinachotoa gesi bila kuingiza hewa. Hamira nikaagiza ya aina inayovumilia joto.

Tena nikapika lita kumi tu. Lita kumi unaweza kuzipoza kwa kukalisha sufuria kwenye beseni la maji na barafu. Lita ishirini zitakushinda.

Ndoo ikakaa kivulini, imevaa gunia bichi. Nikiwa darasani, Keji ndiye aliyelimwagia maji.

Siku ikafika. Keji alileta merisa yake, mimi chupa zangu. Watu walikuwa wengi, bia tukaigawa kwa glasi za chai. Mzee akanywa, akatazama ndani ya glasi tupu, akainyoosha aongezewe. Taban akamjazia.

"Nani amepika?"

Kabla sijafungua mdomo, Keji akajibu: "Mimi na ticha. Yeye alileta ndoo."

Walimu walicheka hadi mmoja akamwaga yake. Mzee akasubiri watulie.

"Basi mwambie ticha alete ndoo kubwa."

Nilichojifunza: kit nzuri ni ile inayokubaliana na maji yako, moto wako na joto la chumba chako. Kung'aa hakupozi bia. Anza kidogo, osha kila kitu, na muulize jirani anayepika kabla hujaagiza.

Wewe unayetaka kuanza, tuambie hapa chini maji yako yanatoka wapi na kivuli chako kiko upande gani. Tutachagua pamoja, taratibu, hakuna swali la kijinga. Na waliowahi kuharibu kunishinda, karibuni mnifariji.