Bunia, na Samaki wa Asiyekuwepo

Siku ile ukumbini tulikuwepo hawa: Profesa Lonema, mkuu wa idara, ambaye wote humwita Shefu, mdogo wangu Giramia, aliyeandaa mashindano, Bahati na wenzake wawili wa chuo, kisha timu ya Lotsove na Ngabu, waliotoka Nizi na kompyuta moja kati yao, timu nyingine mbili za wanafunzi, Papa Zakayo, mlinzi wa lango, watu waliojaa mpaka madirishani, na mimi Afoyo, muuza samaki, safu ya mwisho, mfuko miguuni. Nawataja wote kwa sababu huku nyumbani habari imeanza kusimuliwa vibaya, na mwenye shaka anaweza kuwauliza.

Safari ilianza kwa simu. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, nikaingia biashara ya samaki wakavu ili wadogo zangu watatu wabaki darasani. Giramia ndiye wa mwisho. Leo ni msaidizi wa walimu chuoni Bunia, na utafiti wake ni juu ya programu za kompyuta zinazogeuza daftari refu la hesabu kuwa picha: mistari, ramani, madoa ya rangi. Programu hizo ni nyingi, na kila mwenye yake anaisifu. Ipi inamsaidia mtu kuona ukweli? Aliamua kuzipima kwa mashindano, konkur kama wanavyoyaita chuoni. Timu zote zingepewa data zilezile, za kubuni, zilizofichwa ndani yake ukweli mmoja. Timu itakayouona kwa picha zake, tena ikamfanya mtu asiyesoma sana auone, ndiyo ingeshinda.

"Yaya, minakuitaji," aliniambia, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. "Minatafuta mutu hajasoma sana, atuangalilie picha."

"Weye unanitukana ao unanialika?"

"Vyote mbili, yaya. Kuya tu." Kisha sauti yake ikapungua. "Shefu amesema, kama timu zote zinakosa, ao zote zinapata kwa dakika tano, konkur inakufia hapo. Na utafiti yangu inakufa nayo."

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, niliondoka Mahagi na mfuko wa nguo na furushi la samaki. Hatukutoka mara moja. Dereva alisubiri magari mengine yafike, maana siku hizi barabara ya Djugu watu huipita kwa kundi, kwa kuogopa wenye silaha. Jua lilipochomoza tulikuwa magari saba, tukaondoka tukifuatana kama ng'ombe wanaokwenda kunywa. Mvua ilikuwa imenyesha. Mara mbili tulishuka kusukuma, na mara ya pili dereva akanicheka: "Mama, samaki yako njo inatulemea!" Nikamjibu kwamba samaki wangu ni wakavu, kilichojaa maji ni gari lake. Vilima vya Djugu vilipita pole pole, mikalitusi upande mmoja, mashamba ya maharage upande mwingine, na nyumba nyingine bila paa wala watu. Hapo hakuna aliyecheka.

Saa kumi jioni tuliingia Bunia. Mavumbi mekundu, pikipiki zikitoka kila upande, redio tatu zikiimba pamoja. Giramia alinipokea mtaa wa Saio, kwenye nyumba yake ya vyumba viwili, na bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, tayari mezani. Amekonda. Nilimwambia. Akasema kukonda ni kwa ajili ya konkur, itakapoisha atanenepa.

Jumanne asubuhi alinipeleka chuoni kuziona data kabla ya siku yenyewe, ili nijue nitaangalia nini. Wanafunzi wawili wanaomsaidia, wasioshindana, walikuwa wamebuni naye hadithi nzuri. Wauzaji kumi na wawili wanachukua samaki ziwani na kuwapeleka masokoni. Watu wanaanza kutapika. Ni muuzaji gani aliyewauza samaki wabaya? Giramia alibonyeza, na mistari ikatokea, kila fungu la samaki na mwenye kuliuza. Mstari mmoja ulikuwa mnene kuliko yote. Ulitoka kwa muuzaji wa saba.

"Hii mutoto wa primeri anaona," nilisema. "Tena si kweli."

"Si kweli namna gani, yaya? Siye wenyewe njo tulibuni!"

"Mumebuni watu hawako."

Nikawaeleza. Kwetu, mwenzako akishindwa kufika sokoni, kwa ugonjwa au msiba, unabeba samaki wake na kuwauza kwanza, kabla ya wako. Ukitanguliza wako, akina mama watakusema mpaka uone aibu kupita. Lakini karani wa soko anaandika jina la aliyeuza tu. Mwenye samaki haonekani popote. Ukitaka kumjua, angalia nani hakufika siku hiyo.

Giramia aliziba mdomo kwa mikono miwili. "Yaya, ile njo konkur yenyewe!"

Siku hiyo na Jumatano yote waliandika data upya, mimi nikiwa pembeni nikisema nani angembebea nani na nani hawezi kumbebea nani kwa sababu wamegombana. Muuzaji wa saba alibaki na jina lake kila mahali, lakini sasa hakuwa na kosa. Samaki wabaya walikuwa wa muuzaji wa kumi na moja, siku ambazo hakufika. Kwa kuwa nililijua jibu, sikuweza tena kuwa mwangalizi. Nilipoteza kiti changu kabla sijakikalia, na Giramia akampa Papa Zakayo, aliyeuliza swali moja tu, kama wanatoa chai: "Banapana chai?"

Ijumaa, saa tatu, jenereta liliwashwa na mashindano yakaanza. Timu zilifanya kazi mpaka saa saba, kila moja kwenye meza yake, kisha zikaonyesha picha ukutani. Timu mbili za kwanza zilipotea njiani. Moja ilimlaumu dereva wa lori. Bahati alifuata, kijana msafi, mwenye sauti nzuri. Picha yake ilikuwa na mistari mingi ikikutana mahali pamoja.

"Papa, unaona nini?" Giramia alimuuliza Papa Zakayo.

"Minaona buibui. Na buibui anashika huyu mama namba saba."

Watu wakacheka. Kisha Lotsove akasimama, na Ngabu akashika waya uliokuwa ukichomoka. Picha yao haikuwa na mstari hata mmoja. Ilikuwa visanduku, kila safu ya visanduku muuzaji, kila kisanduku siku. Penye mtu pana rangi, pasipo na mtu peupe, na chini doa jekundu kwa kila siku watu walipotapika. Papa Zakayo aliondoka kitini, akaenda ukutani, akaweka kidole juu ya kisanduku cheupe, kisha juu ya kingine.

"Hapa hayuko, kesho yake batu banatapika. Hapa hayuko, banatapika tena." Akageuka. "Mwenye hayuko njo mwenye samaki. Namba kumi na moja."

Nilishika mfuko wangu ili nisipige kelele. Mlinzi wa lango aliona yote kwa dakika chache, kwa picha tu.

Shefu alisimama, akachana bahasha yenye muhuri, akasoma: "Muuzaji wa saba." Ukumbi ukampigia Bahati makofi. Zawadi, paneli ndogo ya jua, ikawekwa mikononi mwake. Lotsove akafunga kompyuta yake.

Hapo ndipo mimi na Giramia tulipoangaliana. Bahasha ile ilifungwa wiki moja kabla sijafika. Kwa furaha yetu tulibadilisha data, tukabadilisha maswali, tukasahau jibu.

"Shefu, ile jibu ni ya zamani," Giramia alisema.

"Mademuazeli, jibu ilifungwa mbele yangu. Ukiibadilisha nyuma ya kuona picha za batu, tunapima nini hapa?"

Alikuwa na haki. Ningekuwa yeye ningesema vilevile. Miaka minne ya utafiti wa Giramia ilikuwa inaondoka mbele ya macho yangu. Nikasimama.

"Shefu, niko na neno."

"Na weye ni nani?"

"Miye ni muuza samaki. Na yaya yake."

Kicheko kikapita. Shefu akatabasamu kidogo. "Basi unakuya kutetea mudogo wako."

"Hapana. Ninatetea namba saba."

Nikaeleza desturi yetu kama nilivyowaeleza wanafunzi. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nitalisema daima kwa heshima yake. Kisha akauliza, "Lakini mama, hii ni data ya kubuni. Unajua namna gani kama kwa kweli inaendaka vile?"

"Kwa sababu ile samaki ilikuwa yangu."

Sikuwa nimepanga kulisema. Sasa lilikuwa nje, nikaendelea. Giramia alikuwa darasa la sita, ana malaria kali. Nilitia samaki chumvi haraka haraka, sikuwakausha vizuri, nikampa Mama Uwonda aniuzie, nikabaki na mtoto. Mama Uwonda aliuza wangu kwanza, kama inavyotakiwa. Watu wakatapika. Daftari la soko lilikuwa na jina lake, wakamfukuza sokoni. Nami nilinyamaza, kwa sababu nyumbani kulikuwa na midomo mitatu.

Giramia alikuwa ananitazama kama mtu anayenisoma upya. Kisha akaweka kompyuta yake mbele ya Shefu, akamwonyesha faili la data mpya na jibu lake. Mashine ilikuwa imeandika yenyewe siku ya kubadilishwa: Jumatano, siku mbili kabla timu hazijaona kitu. Shefu alivaa miwani, akasoma mara mbili, akamgeukia Bahati.

"Picha yako inaweza kuonyesha mutu hayuko?"

Bahati alifikiri. "Hapana, Shefu. Yangu inaonyesha tu mwenye iko."

Na bila kuambiwa, akabeba paneli ile, akavuka ukumbi, akamwekea Lotsove mezani. Lo, kelele zilizofuata! Ngabu alirukaruka, waya ukachomoka kabisa, picha ikafa ukutani na hakuna aliyejali. Shefu aliinua mkono mpaka wakanyamaza. Alisema mara nyingine data na jibu vitafungwa siku moja, ndani ya bahasha moja. Alipotaja "mara nyingine" nilimwona Giramia akishika meza. Konkur imepona. Na Shefu akaongeza, "Data ya mwaka kesho, muite tena yaya." Mimi niliyeishia mwaka wa pili! Papa Zakayo alinipa mkono, akasema chai ilikuwa nzuri.

Jumatatu, njiani kurudi, nilishuka Fataki. Nilijua siku nyingi kwamba Mama Uwonda alihamia huko kwa ndugu za mume wake, na kwamba anauza unga wa muhogo. Miaka yote hiyo nimepita pale bila kushuka. Nilimkuta anapima unga kwa kopo.

"Afoyo. Umezeeka," alisema.

Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama. Hakuacha kupima.

"Ulisemea wapi?"

"Bunia, mama. Mbele ya baprofesa, na batu wengi."

"Bale baprofesa balikulaka ile samaki?"

"Hapana."

"Bale njo balinifukuzaka?"

"Hapana, mama."

"Basi bado hauyasema kintu." Akasawazisha unga juu ya kopo kwa kiganja. "Enda ku soko kwetu. Ita bale bamama bote, na karani. Kiisha utakuya tena hapa, utaketi, tutakula."

Katika safari hii nimejifunza kwamba picha nzuri ni ile inayomwachia nafasi asiyekuwepo. Nimejifunza pia kwamba niliweza kusimama mbele ya ukumbi mzima kwa miguu yangu mwenyewe. Nitaihitaji tena miguu hiyo. Soko letu ni Jumamosi. Leo ni Jumatano, na jina la Mama Uwonda bado liko kwenye lile daftari mahali palipostahili langu.