Niangalizie Mama

Nilikuwa nampeleka binti yangu baa. Naandika hivyo wazi kwa sababu nimechoka kuzungukazunguka na maneno ya "mahali pa samaki" na "pale kando ya maji". Samaki walikuwepo, ni kweli, na ziwa lilikuwepo. Lakini kaunta ilikuwa na chupa mpaka karibu na dari, na si kila aliyetoka pale alitoka akitembea sawasawa. Ilikuwa baa, na mtoto alikuwa na miaka minne na nusu.

Na usinitolee macho, sikuwa peke yangu. Jumamosi mchana, ukipita sehemu zile za ufukweni hapa Kisumu, utakuta watoto wengi kuliko walio chekechea. Wenye baa waligundua zamani kwamba mteja mwenye mtoto huondoka mapema, basi wakaleta yale majumba ya mpira yaliyojazwa upepo, watoto wanarukaruka ndani mpaka wanalowa jasho, na wazazi wanakaa. Unachagua samaki wako kwenye karai, unamwambia mpishi, "Huyu hapa, mkaange halafu umtie mchuzi," kisha unasubiri karibu saa nzima. Hiyo saa nzima utafanya nini? Utahesabu gugumaji? Unaagiza moja.

Mimi ni fundi wa friji. Nusu ya wateja wangu ni wenye baa, kwa hiyo baa ya mchana kwangu ni kama ofisi. Mke wangu ni muuguzi, na Jumamosi nyingi alikuwa zamu. Aliposikia mara ya kwanza nilikoshinda na mtoto, alivua viatu, akakaa, akaniuliza polepole, na mimi nikajua nimekwisha.

"Mtoto ana kazi gani baa?"

"Anakula samaki, anacheza na wenzake. Ungetaka nimfungie nyumbani na televisheni?"

"Huko kuna walevi."

"Na kwenye matanga tunakompeleka hakuna walevi? Kule hata mchungaji anayumba."

Hakucheka. Nilikuwa na hoja zangu na nilizipenda sana. Nilisema baba aliye na mtoto wake kando hunywa kidogo. Nilisema mtoto anayeona bia mchana kweupe, mbele ya baba yake, hataikimbilia kwa siri akikua. Bado nusu ya mambo hayo nayaamini, na hilo ndilo linaloniudhi. Mke wangu akanijibu kwa jambo ambalo nilimsimulia mwenyewe tukichumbiana: kwamba mama yangu, huko kwetu Asembo, alipika pombe ya busaa ili sisi tusome, na siku ya wateja alitufukuza kwa mwiko wa ugali tusikaribie hata ghala. "Mwenye jina alikufukuza," akasema, "na wewe unampeleka mwenye jina."

Hapo lazima nieleze. Binti yetu amepewa jina la marehemu mama yangu. Kwetu mtoto akibeba jina la mzazi wako, ulimi unakuwa mzito kulitamka ovyo, kwa hiyo mimi simwiti jina. Namwita Mama. Mama, njoo ule. Mama, vaa viatu. Mke wangu humwita jina lake la ubatizo, lakini kwangu mimi yule ni Mama toka siku alipozaliwa. Marafiki zangu wawili niliozoea kunywa nao walilifanya jambo hilo utani. Akifika mezani wanasimama, wanampisha kiti, "Mama, karibu, umekuja kutukagua?" Naye anakaa, miguu inaning'inia, anatuangalia mmoja mmoja kwa uso wa mama yangu kabisa. Yawa, jamani, tulicheka. Nilijiona baba wa maana sana.

Alijifunza upesi. Hapa mhudumu akija swali ni moja, baridi ama moto, maana wapo wazee wasiogusa bia iliyotoka kwenye friji. Mama akawa anajibu kabla yangu: "Ya Baba ni baridi!" Baa nzima ikawa inamjua kwa hilo. Kisha mwalimu wake wa chekechea akaniita. Watoto walikuwa wanacheza kupika, akaniambia, na binti yangu alikuwa anazunguka na kifuniko cha ndoo kama sinia, akiwauliza wenzake, "Baridi ama moto?" Mimi nilirudi nyumbani nikimcheka huyo mwalimu, eti kwani kwao hakuna friji. Mke wangu akasema, "Jumamosi hii siko zamu. Twende wote nikaone."

Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani akiona mwenyewe atanyamaza.

Siku hiyo palikuwa pamejaa. Jua kali, mpira kwenye televisheni, watoto wanapiga kelele ndani ya lile jumba la upepo. Mke wangu aliangalia kila kitu kama anayekagua wodi. Friji ya baa ilikuwa imekufa tangu asubuhi na bia zote zilikuwa moto. Nililalamika kwa sauti, nikalalamika tena, nikasukuma chupa yangu pembeni nikasema siwezi kunywa uji. Binti yangu alikuwa amesimama pale pale mezani, akanywa soda yake kidogo, akarudi kuruka.

Mke wangu akainuka kwenda jikoni kuchagua samaki, kwa sababu hawaamini wapishi. Mimi nikabaki namwangalia mtoto, aliyekuwa akiruka hatua chache tu kutoka mezani. Ndipo mwenye baa, mzee mmoja aliyehamia hapa kutoka mkoa wa Kati miaka mingi iliyopita na anayejua Dholuo, lugha yetu, kunishinda mimi, akaniita kutoka mlangoni: "Fundi! Njoo uniokoe." Mhudumu alikuwa anapita na sinia, msichana mgeni, siku yake ya pili au ya tatu. Nikamwambia, "Niangalizie Mama, narudi saa hii." Nikaenda.

Friji ilikuwa waya uliolegea tu. Kazi ya dakika tano. Lakini mwenye baa alikuwa na chupa zake za siri ndani ya pipa la barafu, akanifungulia moja kwa shukrani, na pale kaunta televisheni ilikuwa karibu, na timu yangu ilikuwa inashambulia. Nilikaa dakika ishirini. Labda zaidi. Nilikuwa nimemwacha mtu amwangalie, si ndiyo? Hivyo ndivyo nilivyojiambia kila nilipofikiria kuinuka.

Niliporudi nilimkuta mke wangu ametulia mezani. Ana soda mbele yake, ana kitambaa cha mikono, na yule mhudumu yuko kando yake na birika anamnawisha, wanaongea habari za Sondu alikozaliwa msichana. Mke wangu aliinua uso. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anatabasamu.

"Mtoto yuko wapi?" akaniuliza.

"Si yuko na huyu?"

"Na nani? Si ulikuwa naye?"

Tukamgeukia mhudumu wote wawili. Akaliweka birika chini. Nilikuwa nimemwambia Mama, na Mama alitoka jikoni akakaa pale, mwanamke mzima wa kuheshimiwa, mke wa fundi. Alimwekea mto kitini, akamletea maji, akamtunza vizuri sana. Nani angefikiri Mama ni mtoto wa miaka minne?

Lile jumba la upepo halikuwa na mtoto wangu. Nilitoa viatu nikaingia ndani kwa magoti, nikawa nageuza watoto wa watu kuangalia nyuso zao. Mke wangu hakupiga kelele. Alienda moja kwa moja upande wa maji, akikimbia, na mimi nikaona anakokimbilia, nikamfuata miguu mitupu. Nilimwomba Mungu kwa maneno ya aibu. Nilimwambia achukue mikono yangu, achukue kazi, achukue chochote.

Nyuma ya baa kuna mteremko, na chini yake wanawake hukaa wakiparua samaki. Mmoja wao alikuwa anapanda mteremko ule, mama mnene mwenye magamba mpaka kwenye nyusi, akiuliza kwa Dholuo mtoto huyu ni wa nani. Alikuwa amembeba binti yangu begani. Maji yalikuwa yanamtiririka mtoto kutoka kwenye nywele. Alikuwa anakohoa, na kile kikohozi ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia.

Mke wangu alimpokea, akamlaza kifudifudi pajani, akamsikiliza kifua, akamchungulia macho, yote kimya kimya, kazi yake. Kisha akamkumbatia.

Muuza samaki alinigeukia mimi. "Wewe ndiye baba? Nimemkuta maji yamefika hapa," akajigusa kiuno, na kiuno chake kilikuwa juu kuliko kimo cha mtoto. "Ameteleza kwa matope. Nimemvuta na gauni. Halafu unajua ameshika nini? Chupa! Hataki kuiachilia. Namuuliza unafanya nini huku, ananiambia anaiweka ya Baba baridi."

Ilikuwa ile chupa niliyoisukuma pembeni.

Watu wakajaa. Mwenye baa akaja akihema, akamwita yule msichana mbele ya wote. "Uliambiwa nini?"

"Aliniambia niangalie Mama," akasema, machozi tayari. "Nikamwangalia Mama. Si huyo?"

Watu wawili watatu wakacheka, kile kicheko cha watu walioponea chupuchupu, na mimi nikaona mlango wa kutokea. Kumbe ni neno tu! Ni kutoelewana, ni mambo ya majina yetu, lingeweza kumpata yeyote. Nikaanza kuwaelezea watu habari ya mama yangu marehemu, na watu wakaitikia kwa vichwa, "Aa, kumbe!"

"Lakini nilimuuliza," msichana akasema. "Nilimuuliza, Mzee, Mama gani?"

"Hukuniuliza," nikasema. "Ungeniuliza si ningekuonyesha? Msinigeuzie mimi."

Nilisema kwa ukali. Mimi nikiwa na hofu huwa mkali, na watu wakimwona mtu mzima mkali wanadhani ana haki. Mwenye baa akamwambia msichana avue aproni. Akaivua pale pale, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti. Mke wangu alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi kwa muda. Halafu akamshika mkono yule muuza samaki, akamvuta kando kumshukuru, akanipa mtoto nimbebe.

Alikuwa mzito kwa maji. Alinikumbatia shingo, akaweka mdomo kwenye sikio langu.

"Baba," akanong'ona, "yule anti alikuuliza. Alisema Mama gani. Nikadhani ananiita. Ukasema, kwani wako wangapi."

Ndivyo nilivyosema. Sikugeuka hata kumwangalia msichana. Nilikuwa nakwenda mbio, mpira unaanguruma ndani, nikasema kwani wako wangapi, kwa ile sauti ya mtu anayesumbuliwa. Na sasa hivi msichana alikuwa bado karibu. Alikuwa anafunga mfuko wake wa nailoni, hatua kumi tu kutoka niliposimama. Ningeweza kumwita.

"Nyamaza," nikamwambia binti yangu.

Akanyamaza.

Tuliondoka kwa tuktuk. Mtoto alikaa katikati yetu, amefungwa leso ya muuza samaki, nywele zinanuka ziwa. Tukapita mzunguko wa barabara. Hapo mke wangu akainama kwa mtoto, akamwita jina lake la ubatizo, kwa upole, kama anavyowauliza wagonjwa wake.

"Yule anti alimuuliza Baba kitu kabla hajaenda? Ulisikia?"

Binti yangu hakumwangalia mama yake. Aliniangalia mimi. Aliniangalia vile vile alivyokuwa akiniangalia mezani mhudumu akija, ili ajue Baba anataka nini.

"Hakuuliza," akasema.

Kisha akaendelea kuniangalia, akingoja kujua kama amesema vizuri. Na mimi, mke wangu akiwa amegeukia barabarani, nikamwitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.